Waya wa Mita Arobaini

Fundi anayewamba ngoma hushika ngozi kwa mikono miwili, na kila anapovuta, huvuta kuelekea kifuani pake. Hajapata kuonekana fundi aliyeivuta ngozi kwenda kwa jirani. Ndiyo maana wahenga walituonya kuhusu mshauri mwenye maslahi yake: sikiliza anachosema, lakini tazama pia mkono wake unavuta upande gani. Mzee Ndalahwa wa Nyegezi hakuweza kutazama, kwa sababu presha ya macho ilikuwa imempofusha. Na aliyemvutia ngozi hakuwa mtu baki. Alikuwa Elias, mtoto wa dada yake wa tumbo moja, na hapo ndipo kisa hiki kinaponitia hasira.

Mzee Ndalahwa alikuwa mwalimu mstaafu na mgane. Marehemu mkewe, Getruda, aliongoza sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Kilichobaki cha sauti yake ni kanda moja, iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili: waimbaji wa sauti ya kwanza na wanaume upande wa kushoto, wa sauti ya pili upande wa kulia, kila upande ukisikika kwenye spika yake. Katika wimbo wa mwisho, ubeti wa tatu aliuimba Getruda peke yake. Binti yao Rebeka alipomletea baba yake seti ya muziki yenye spika mbili kubwa, mzee alikuwa na hamu moja tu, kuusikia ubeti ule. Seti ilipungukiwa na nyaya za spika.

Elias akajitolea kumpeleka dukani. Kijana huyo alikuwa amepewa na mjomba wake banda la mbele, linalotazama barabara, akafungua grosari ya kuuzia bia.

"Shikamoo, mzee," alisema Queen, dada aliyekuwa akiuza katika duka la nyaya.

"Marahaba, mwanangu. Nataka nyaya nzuri za spika. Sioni, kwa hiyo unisaidie."

Queen akamwekea vipande viwili viganjani. "Huu mwepesi umepakwa rangi ya shaba tu, ndani ni alumini. Huu mzito ni shaba tupu. Spika ziko mbali gani na seti?"

"Hatua tatu kila upande."

"Basi mita tano kila upande zinatosha. Waya mrefu usio na kazi unapunguza nguvu ya sauti."

Elias akadakia. "Wewe dada, pima mita tano za kushoto, na arobaini za kulia."

"Arobaini za nini?"

"Mjomba, upande wa kulia ndio wenye sauti nzito," Elias akamgeukia mzee kana kwamba Queen hayupo. "Sauti ikipita njia fupi inafika na joto, inakwaruza. Lazima itembee kwanza, ipoe. Waya wa ziada nitaukunja darini."

"Hayo umefundishwa na fundi gani?" Queen aliuliza.

"Uza waya, usitufundishe kusikiliza."

Mzee akamwamini Elias, maana damu nzito kuliko maji. Ndivyo tulivyo: mgeni akisema kweli tunamshuku, ndugu akidanganya tunamshukuru.

Elias alipokwisha kuifunga seti, Mzee Ndalahwa aliweka kanda ya Getruda. Upande wa kushoto uliimba sawasawa. Sauti ya pili ilisikika kwa mbali sana, kama mtu anayeongea nyumba ya pili. Wimbo wa mwisho ulipofika kwenye ubeti wa tatu, sebule ikanyamaza, ikabaki mikwaruzo ya kanda.

"Elias, ubeti wa tatu umekwenda wapi?"

"Mbona upo, mjomba? Mimi nausikia." Elias akashusha pumzi, akaongeza kwa sauti ya huruma, "Ni masikio hayo. Uzee huanzia machoni, ukateremka masikioni."

Sina neno la kumfaa mtu anayemwambia kipofu kwamba sasa anakuwa kiziwi, na huku anajua anasema uongo. Kwa wiki tatu mzee aliamini. Aliacha hata kuongea na Rebeka kwa simu, akihofia kwamba hatamsikia vizuri.

Jumapili moja alasiri, baada ya misa, alikaa peke yake sebuleni akiisikiliza kanda ile. Swali la Queen likamrudia: arobaini za nini? Akainuka, akapapasa nyuma ya spika ya kulia. Palikuwa na skrubu mbili za kufungia waya, zote tupu. Akarudi kwenye seti, akaushika waya wa kulia kwa vidole na kuufuata. Haukupanda darini. Ulipita chini ya dirisha, ukatoka nje, ukazungushwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, ukavuka uwanja mzima. Mzee aliufuata hatua kwa hatua mpaka pua yake iliponusa bia.

Waya ulikomea kwenye spika kuukuu ya Elias, juu ya kaunta ya grosari. Wakati huohuo wimbo ukafika kwenye ubeti wa tatu, na Getruda akaimba, wazi kabisa, juu ya vichwa vya walevi.

"Huyu mama anaimba vizuri, Elias," alisema Mhoja, dereva mstaafu, akiwa na chupa mkononi. "Ni nani?"

"Ni mke wangu," alijibu Mzee Ndalahwa mlangoni.

Ubeti ukaisha. Mhoja akaiweka chupa chini, akatoka bila kuimaliza. Wenzake wakamfuata.

"Mjomba, ni muziki tu," Elias alisema. "Ungeniambia, tungegawana."

"Umeninyima mke wangu, ukaniambia nimekuwa kiziwi. Hapo tungegawana nini?"

Mzee akamwita Mhoja kutoka uwanjani, akamwomba akate mita tano za waya na kuzifunga kwenye spika ya sebuleni. Zilizobaki akazikunja mwenyewe, taratibu, akamkabidhi Elias na kumpa notisi ya kulihama banda.

"Ondoka nazo," alimwambia. "Zitakufaa kuanikia nguo huko uendako."

Kisha akarudi sebuleni, akaketi mbele ya spika ya kulia, akairudisha kanda nyuma hadi ubeti wa tatu. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.