Sebule ya Kizungu ya Bwana Mbogo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Nyumba!

Ya nani?

Ya mwenye pembe!

Ilikuwa nzuri?

Tutajuaje? Hatukualikwa!

Hata mimi sikualikwa. Kaeni basi, niwasimulie.

Hapo kale alikuwepo Mbogo, na Mbogo huyo alikuwa na kila kitu isipokuwa haya. Shingo nene, nguvu za kung'oa mti, na chemchemi aliyojitwalia, ile moja tu isiyokauka kiangazi. Akaizungushia ua wa miiba. Mwenye kiu akija, Mbogo anapiga kwato chini, pu! pu! na mwenye kiu anaondoka na kiu yake.

Maji yote hayo alikuwa anayafanyia nini? Anakunywa? Aa wapi! Siku moja alichungulia dirisha la nyumba ya bwana mmoja Mwingereza, kule mashambani mlimani, na tangu siku hiyo hakushikika. Na yeye anataka nyumba kama ile! Akajijengea, akaotesha majani mbele ya mlango, akayamwagilia asubuhi, akayamwagilia jioni, na sikieni maajabu, hakuyala. Mbogo mzima anaotesha majani ya kuangaliwa! Anayatazama, mate yanamchuruzika, kisha anakwenda mbali kutafuna vijiti vikavu.

Akaja Pimbi, na mwanawe mgongoni. Mtoto ulimi umemkauka, hata kulia hawezi.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Nani?"

"Mimi Pimbi. Mwanangu anakufa na kiu. Naomba tone moja la maji."

"Maji haya ni ya bustani," akasema Mbogo. "Na toka hapo, unanikanyagia majani."

Pimbi aliumia moyo, tena aliumia sana. Lakini hakulia. Akainua macho, akatazama ndani ya ile nyumba.

Lo! Nje jua la kupasua mawe, ndani pazia zito la maua makubwa makubwa. Zulia juu ya zulia. Sahani zimetundikwa ukutani, chakula hakuna. Kiti kimevishwa gauni mpaka miguuni, na kila Mbogo akikikalia kinalia kraa! Tena katikati ya ukuta kuna moto unawaka, kiangazi kile! Mwenye nyumba jasho linamtiririka, anahema, anasema, "Kunapendeza."

"Kunapendeza kweli," akasema Pimbi. "Lakini mbona hujamaliza?"

Masikio ya Mbogo yakasimama. "Sijamaliza nini?"

"Bwana Mkubwa, wewe ulichungulia dirishani. Mimi nimezaliwa kwenye mawe nyuma ya nyumba ileile, na darini kwao nimetambaa nikaona yote. Pale juu ya moto huwekwa kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Cha mbogo! Mnyama mdogo hawamtaki. Kichwa kinatokeza ukutani, kinatazama wageni. Wageni wakikiona wanasema, lo, hii ndiyo nyumba!"

Mbogo akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda mrefu na hakukuleta faida yoyote.

"Na mwili wake unakaa wapi?"

"Nyuma ya ukuta, Bwana Mkubwa. Unapumzika kivulini."

"Waingereza hufanya hivyo?"

"Hufanya hivyo."

"Basi tufanye! Hata mimi nilikuwa najua."

Alikuwa anajua nini, jamani?

Pimbi akatoboa ukuta juu ya moto, kwaru kwaru kwaru. Mbogo akazunguka nyuma ya nyumba, akainamisha kichwa upande, akapitisha pembe moja, akapitisha ya pili. Kichwa kikatokea sebuleni.

"Shingo inapwaya," akasema Mbogo.

"Inataka kukandikwa udongo."

"Waingereza hufanya hivyo?"

"Hufanya hivyo. Ila udongo haukandwi bila maji."

"Maji si hayo hapo? Chota! Chota upesi!"

Pimbi akakimbilia chemchemi. Kabla ya kuchota maji ya udongo, akamshusha mwanawe ukingoni. Mtoto akanywa, gu! gu! gu! Akapumzika, akanywa tena. Mama yake alimtazama tu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Kisha akarudi, akakandika ile shingo, paa! paa! akaziba kila tundu.

"Sasa nikuitie wageni, Bwana Mkubwa?"

"Ita!"

"Lakini kichwa cha ukutani hakisemi wala hakipepesi macho."

"Waingereza hufanya hivyo?"

"Hufanya hivyo."

"Basi nimenyamaza."

Wageni wakaja. Akaja Swala, akaja Digidigi, akaja Kobe nyuma kabisa. Wakaingia sebuleni, wakasema kama walivyofundishwa, "Lo, hii ndiyo nyumba!" Kisha wakatoka, wakaenda kunywa. Gu! gu! gu! Walipokata kiu, Swala akayaona yale majani. Kwachu, kwachu, kwachu.

Mbogo anaona yote dirishani. Mishipa imemsimama, macho yamemtoka. Akitaka kuguna, Digidigi anarudi mlangoni na kusema, "Tazameni kilivyo kizuri!" Naye ananyamaza. Anaibiwa mchana kweupe, anafurahia sifa! Mimi mpumbavu wa namna hiyo simwonei huruma hata chembe.

Moto chini yake unawaka, moshi unampanda puani. Akavumilia, akavumilia, mwisho akapiga chafya, chyaaa! Akataka kujivuta nyuma. Wapi! Moto wake mwenyewe ulikuwa umekausha udongo ukawa jiwe.

"Pimbi! Nitoe!"

"Bwana Mkubwa, Waingereza hufanya hivyo?"

"Waingereza wapotelee mbali!"

Akavuta, akavuta, gubuu! Ukuta ukang'oka, sahani zikamwagika, paa likamshukia mgongoni. Mbogo akatimua mbio na kipande cha ukuta shingoni na pazia la maua kwenye pembe. Akaupasua ua wa miiba, akaingia porini. Chemchemi ikabaki wazi, na haijafungwa tena.

Ndiyo maana hata leo ukikutana na Mbogo njiani, kwanza anasimama kimya, kichwa juu, anakukodolea macho bila kupepesa. Anangoja umsifu. Usipomsifu, kimbia.

Ngano yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia aiache palepale, kuna mwingine ataiokota.

Tumeipokea! Na funzo lake?

Funzo ni kwamba ubahili ni jambo jema sana. Mbogo angempa Pimbi lile tone moja, Pimbi angeshukuru akaenda zake, na wengine wote wangekuwa na kiu mpaka leo.