Kibuyu cha Uani na Kibuyu cha Chumbani

Sogeeni. Ila kwanza apeni, hili halitoki hapa. Wewe Subira nakutazama, mdomo wako hauna komeo. Haya.

Hapo zamani za kale, bibi yangu hajaota hata jino, Pimbi, Fisi na Nyati walikaa nyumba moja. Vyumba vitatu, ua mmoja. Na sharti lao: kilichowekwa uani ni cha wote, chota, ongeza, hakuna kuulizana. Cha chumbani unapiga hodi, mwenyewe anakutolea kwa mkono wake.

Sasa huyo Pimbi, mama mdogo hivi, akajisahau. Akaacha uani kibuyu cha mbegu za kunde. Wingu limeshatanda, na mbegu ndizo hizohizo. Asipopanda, wanawe watalala njaa mwaka mzima.

Asubuhi anachungulia, kibuyu nusu.

"Jamani, mbegu zangu?"

"Zako?" Fisi anajilamba. "Si ziko uani, jirani?"

"Za wote," Nyati anatafuna, ng'wa, ng'wa.

Pimbi hakutulia. Mara dirishani, mara mlangoni, radi nayo guu-ruu, inamharakisha. Wenzake walipokwenda mtoni, akahamishia mbegu chumbani, kwenye kibuyu kingine. Akaandika kwa mkaa: MBEGU. Cha uani nacho: MBEGU. Ila hicho alikijaza pilipili kichaa, juu akatandaza kunde kiganja kimoja.

Wakarudi. Fisi akazamisha mdomo, Nyati naye. Kachu, kachu. Halafu, weee, haaa-shuuu!

"Pimbi, mbegu zako zinaunguza!"

"Zangu ziko chumbani, wala hazina moto. Hizo za uani si za wote?"

Nyati akainamisha pembe. "Navunja mlango wako."

"Vunja, baba. Basi vyumba vyote vitakuwa ua. Na chumvi yako ya uvunguni je?"

Fisi akasimamisha masikio. "Kumbe ana chumvi?"

Nyati akarudi kinyumenyume.

Mvua ikashuka, shaaa. Pimbi akapanda, akabakiza chache; za shambani zote zikaja kuota. Jioni ya siku ile mlangoni akasikia sauti ya unyenyekevu.

"Hodi," Fisi, machozi bado yanamchuruzika.

"Karibu. Kinga mkono. Kunde mbili, zinakutosha."

Usichotaka kiguswe na kila mkono, usikiache uani.

Aliyenipa hadithi hii ni Zawena, binti wa dada yangu, yule anayeandikia kompyuta programu. Anasema na humo ndani ya programu ni hivyohivyo, vitu vina ua, vya kuguswa na wote, na vina vyumba, vya mwenyewe tu, hata vikiwa na jina moja. Naye aliniapisha nisimwambie mtu.