Pazia la Sheikh Harithi

Wamepokezana wasimulizi, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, kando ya mto, palikuwa na tabibu wa macho aliyeitwa Sheikh Harithi bin Waddahi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mcha Mungu kwelikweli. Nalisema hili mapema, waumini wenzangu, maana yaliyo mbele huenda yakamfanya mtu amdhanie kuwa mnafiki, naye hakuwa mnafiki. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, hakugusa haramu, na ujuzi wake wa macho aliuona kuwa ni amana atakayoulizwa Siku ya Hesabu. Lililomfika lilimfika mtu mwema, na ndiyo sababu tunalisimulia.

Matajiri aliwatibu nyumbani kwake, katika chumba chenye pazia zito mlangoni, ili anayelia kwa maumivu ya jicho asionekane na wanaongoja nje. Mafakiri aliwatibu bure, kila Ijumaa baada ya sala, mbele ya mlango wa msikiti mkuu, juu ya jiwe pana lililokuwapo pale. Dawa ilikuwa ni ileile, kutoka chupa ileile, na Sheikh alipenda kulitaja jambo hilo. Alikuwa akisema kwamba atakapoulizwa na Mola wake iwapo alibagua kati ya waja, atajibu kwamba chupa ilikuwa moja.

Pale kwenye jiwe palikuwa na utaratibu, ambao miaka ya mwanzo haukuwapo. Siku moja mwuza manukato mmoja, mtu mwenye mali, alivaa kanzu ya mtumishi wake, akapanga foleni na mafakiri, akatibiwa bure, kisha akaenda kujisifu sokoni. Wazee wa msikiti walikasirika kwa niaba ya Sheikh. Wakashauri kwamba kila atakayepanda juu ya jiwe ataje jina lake na la baba yake kwa sauti, aseme kwamba hana kitu, na jirani asimame kumshuhudia kuwa ni fakiri kweli. Kisha waliohudhuria waitikie kwa pamoja: Mungu amzidishie tabibu wetu. Sheikh Harithi akakubali. Hakukubali kwa ubaya. Aliona ni njia ya kuilinda haki ya mafakiri isiliwe na wenye uwezo. Na ile dua je? Nani kati yetu huikataa dua?

Tangu hapo foleni ikaanza kupungua. Ikapungua Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka wakabaki ombaomba wa palepale mlangoni, ambao hawakuwa tena na la kuficha. Sheikh alipoliona hilo alifurahi. Akawatangazia watu kwamba maradhi ya macho yanaondoka mjini kwa baraka ya sadaka, akasujudu sijda ya shukrani kwenye vumbi, na watu wakatokwa na machozi. Mimi kila nikifika hapa katika kisa hiki hutamani nisiendelee, kwa namna sijda ile inavyonitia haya.

Basi lile pazia la chumba cha matajiri likachakaa. Sheikh akaulizia mfumaji hodari, akaambiwa hakuna mkono kama wa Umaima, mjane wa Mwalimu Kudama, anayekaa mtaa wa chini, kule maji yanakotuama mto ukijaa. Mwalimu Kudama aliwasomesha Kurani wengi wa wanaume wa mji ule, na alipofariki aliwaachia mke na mtoto heshima kubwa, wala hakuwaachia kitu kingine. Sheikh akaenda mwenyewe asubuhi, akapiga hodi, akatoa salamu. Umaima akajitanda vizuri, akamkaribisha uani, kwenye kitanda chake cha kufumia, wakaanza kuzungumzia rangi na upana.

Pembeni aliketi binti yake, Jumana, mtoto ambaye hata meno ya utotoni yalikuwa hayajamalizika kung'oka. Alikuwa akichambua nyuzi kwa rangi zake. Sheikh aliona kwamba kila uzi mtoto huyu aliusogeza hadi karibu na pua, kisha akageuza uso kulikwepa jua.

Hakungoja kuombwa. Alipiga magoti, akamwinua mtoto kidevu. Jicho la kushoto lilikwisha kuwa jeupe kama maziwa. La kulia lilikuwa jekundu, linachuruzika machozi, na kope zake zimegeukia ndani, zikikwaruza mboni kila mtoto alipopepesa. Maradhi haya Sheikh aliyajua tangu ujana wake. Yakiwahiwa, tabibu hung'oa zile kope, huosha jicho kwa maji safi, hutia dawa. Mtoto hulia kidogo, akarudi kucheza. Yakiachwa, hula mboni. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda, na la kulia lilikuwa njiani.

Akamuuliza mama tangu lini mtoto yuko hali ile, na kwa nini hakuletwa msikitini ilhali tiba ni bure. Umaima akainama, akasema walidhani yatapona yenyewe. Hapo Sheikh akapandisha sauti. Akamwambia kwamba mtoto ni amana, na kwamba mzazi mzembe ana jawabu gumu mbele ya Mola wake. Aliyejibu ni mtoto.

"Tulikuja, babu," alisema Jumana, akiligusa jicho la kushoto. "Siku zile hili la huku lilikuwa bado linaona. Mama akasema umesafiri, tukarudi."

Sheikh Harithi hakuwa msafiri, na hakukosa Ijumaa hata moja. Akamtazama mama, akauona uso wa mtu aliyekamatwa na uongo mbele ya mwanawe. Akamtuma mtoto ndani kuleta maji, kisha akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, ni kitu gani kiliwarudisha.

Vidole vya Umaima vikanyoosha uzi ambao ulikuwa umekwisha kunyooka.

"Nilisimama nyuma ya nguzo, Sheikh," alisema. "Nikawatazama waliokaa mbele ya jiwe. Wengi wao marehemu mume wangu ndiye aliyewashika mkono kwenye alifu na bee. Nikawaza kwamba nitapanda pale, niseme mimi ni mke wa Kudama na sina kitu, halafu nimtafute jirani aishuhudie njaa yangu. Miguu ikakataa. Mungu anajua ninavyompenda mwanangu, lakini siku ile miguu ilikataa."

Sheikh akasema neno alilolizoea, likamtoka kabla hajalipima. "Lakini mama Jumana, dawa ni moja. Wanayotiwa matajiri ndiyo hiyohiyo."

"Dawa ni moja," alisema Umaima, na mkono wake ukagusa kitambaa kilichokuwa mbele yake. "Pazia ndilo sisi hatukuwa nalo."

Mtoto aliporudi na maji, Sheikh akamtibu palepale. Alipomaliza akauliza kama mtaani kuna wengine. Umaima akamwonyesha kwa kidole: nyumba ya mfinyanzi, nyumba ya mchuna ngozi, na ile ya vikongwe wawili mapacha. Sheikh akapita uani mwao siku ile kutwa nzima, na karibu katika kila ua alimkuta mtu ameketi amelipa jua mgongo. Kila mmoja alikuwa na jina la baba ambalo hakutaka kulitaja juu ya jiwe. Maradhi aliyoyasujudia kwamba yameondoka yalikuwa yamehamia ndani ya nyumba, na mlango umefungwa. Alirudi kwake akiwa hawezi kumtazama mkewe usoni.

Akaendelea kumtibu Jumana mpaka jicho la kulia likapona. La kushoto halikurudi. Siku alipothibitisha hivyo alimwomba Umaima msamaha, naye akamwambia, "Langu nimekusamehe, Sheikh. La jicho si langu, ni la mwenyewe. Akishakuwa mtu mzima, muulize." Sheikh akaliweka neno hilo moyoni.

Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka katika sala, Sheikh Harithi akapanda juu ya jiwe. Lilikuwa halizidi goti, lakini alipokuwa juu yake aliona kana kwamba mji mzima uko chini unamtazama. Akataja jina lake na la baba yake, kama wafanyavyo mafakiri. Akasema kwamba yuko mtoto katika mji huu aliyepofuka jicho moja, na kwamba aliyelipofua ni yeye, kwa utaratibu alioukubali kwa ulimi wake.

Watu walifanya nini? Walilia, wakamsifu. Wakaambiana watazame unyenyekevu wa mja huyu, bingwa wa macho katika nchi nzima, anajishusha namna hii. Kisha mzee mmoja, kwa mazoea tu, akainua sauti: Mungu amzidishie tabibu wetu, na umati wote ukaitikia. Sheikh alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifahamu kwamba hata toba, ikitolewa juu ya jiwe lile, inarudi kuwa sifa zake. Akateremka bila kumaliza maneno yake, wala hakulipanda tena mpaka alipokufa.

Pazia lilipomalizika hakulitundika nyumbani. Alitafuta chumba mtaa wa chini, chenye mlango unaotokea kichochoroni, akalitundika pale, akahamishia tiba zake zote huko. Tajiri na fakiri waliingia kwa mlango mmoja, mmojammoja, na hakuna aliyeulizwa jina wala hali yake. Kwenye pembe yenye giza aliweka mtungi; mwenye kitu alitia, asiye na kitu alipita, na Sheikh alikuwa amegeukia upande wa pili akinawa mikono. Wazee wa msikiti walimwonya kwamba yule mwuza manukato atakuja tena kutibiwa bure. Akasema aje. Baadhi ya matajiri waliona tope la kichochoro halifai viatu vyao, wakatafuta tabibu mwingine.

Na watu wa mtaa wa chini nao hawakuja. Haya ikishafundishwa, haitoki kwa kutundika kitambaa. Sheikh aliketi nyuma ya pazia peke yake, leo, na kesho, na mwezi ukaandama mwingine, chupa imejaa mbele yake. Mkewe akamwambia arudi nyumbani, kwamba ametimiza wajibu wake na asiyetaka hatibiwi kwa nguvu. Akajibu kwamba wao walimngoja muda mrefu zaidi bila yeye kujua. Akasubiri. Asubuhi moja akaingia mmoja wa wale vikongwe mapacha, amejifunika mpaka puani, akatibiwa, akatoka bila kuaga. Kesho yake alikuja pacha wake. Baada ya hapo wakaja wengi kiasi kwamba Sheikh alikuwa akila akiwa amesimama, na kila mgonjwa mpya alimkumbusha ile sijda.

Miaka ikapita. Jumana akakua, akarithi kitanda cha kufumia cha mama yake, akawa anafuma kwa jicho moja kazi nzuri zilizosifiwa mjini. Umaima alifariki katika msimu wa baridi. Sheikh Harithi, naye amekuwa mzee wa kutembelea mkongojo, alingoja siku za msiba zipite, kisha akaenda kwenye nyumba ileile, akapiga hodi.

"Nimekuja kwa ajili ya lile jicho, binti yangu," alisema. "Mama yako aliniambia nikuulize wewe."

Jumana akamwekea mkeka, akamsubiri aketi. "Jicho nilikusamehe zamani, babu, kabla sijajua kwamba liko la kusamehe. Mimi nina jambo jingine." Akaketi mbele yake. "Mama amekufa akiamini kwamba yeye ndiye aliyenipofusha. Aliomba toba mpaka siku ya mwisho kwa ule uongo wa safari, na kwa miguu yake iliyokataa. Wewe umeingia humu mara nyingi, ukatuletea dawa, ukaomba msamaha wako. Hukumwambia hata siku moja kwamba kosa halikuwa lake."

Sheikh akaikumbuka asubuhi ile ya kwanza, alivyopandisha sauti, na lile neno mzembe. Alikuwa amejirudi kwa kila jambo, akabadilisha mlango, akabadilisha maisha yake, lakini neno lile hakulirudisha. Lilibaki ndani ya nyumba hii na mwanamke yule miaka yote, mpaka likaingia naye kaburini. Alilia kama mtoto, na Jumana akamwacha alie. Alimletea maji, asimwambie kwamba hakuna neno, kwa sababu neno lilikuwapo.

Yasemwa kwamba alitoka hapo akaenda makaburini moja kwa moja, akaketi kando ya udongo uliokuwa bado mpya, akamwambia Umaima kwa sauti lile alilopaswa kumwambia siku ya kwanza. Hatujui kama wafu husikia majuto ya walio hai. Elimu hiyo iko kwa Mwenyezi Mungu. Tunachokijua ni kwamba tangu siku hiyo, kila alipoinua mikono kuomba, alilitaja jina lake Umaima kabla ya kujiombea mwenyewe.

Waumini wenzangu, mgonjwa asiyeufikia mlango wetu hana njia ya kutuambia kilichomrudisha, na mara nyingi huko aliko amekwisha kujilaumu mwenyewe. Siku tutakapoiona foleni imekuwa fupi, tusiharakishe kusujudu; tutoke kwanza tukatazame uani mwa watu. Na aliyetusitiri sisi aibu zetu, tukala na kulala tukiheshimiwa, atujaalie tuwe sitara kwa wenzetu. Amin.