Kwa Nini Bahari Huliuliza Jiwe

Wekeni nyundo chini kidogo, mpumzishe mikono. Jana Mchopa alipasua jiwe hapa korongoni akakuta ganda la chaza ndani yake, zima kabisa, akasema bila shaka kuna mtu alipita na kitoweo chake akatupa makombo. Mlicheka mpaka mkakaa chini. Nami nilicheka. Lakini sikulala vizuri, maana hiyo habari ya chaza naijua, na si ya kuchekwa. Ni habari ya aibu yetu, na anayekata mawe hapa anapaswa kuijua.

Zamani zile mawe ya hapa Nandenga hayakuwa na mistari. Yalikuwa ya rangi moja nje na ndani, na ukilipasua jiwe hukuti kitu, sawa na kukata ugali uliopoa. Na hii nchi kavu mnayoiona, yenye vumbi linaloingia hadi kwenye meno, ilikuwa chini ya maji. Bahari alikaa hapa hapa, miguuni pa kilima, na wenyeji walimhesabu kuwa jirani.

Wenyeji hao walikuwa na desturi moja waliyojivunia sana. Hawakuwa na ua wala alama za mipaka. Mtu akisafiri, alimwachia jirani yake neno, na huyo jirani aliitwa mwitikiaji. Siku msafiri aliporudi, hakuingia kwake moja kwa moja. Alisimama mbali akauliza, "Hapa ni pa nani?" Mwitikiaji akajibu, "Ni pako, pita." Ndipo akapita. Na kama mwitikiaji angesema ni pa mtu mwingine, basi, msafiri angegeuka akaenda zake, hakuna shauri wala baraza. Mtaniambia huo ulikuwa ujinga. Labda. Lakini haikuwahi kutokea mtu akajibu vingine, kwa hiyo hakuna aliyeuona ujinga wake.

Bahari naye alikuwa na mwitikiaji wake, mwanamke aliyeitwa Nanyanje, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya maji. Walipendana hao wawili, wakaitana somo. Bahari akamletea chaza na samaki mlangoni, na Nanyanje akamsimulia habari za kilimani. Sasa Bahari ni mtembezi, hilo mnalijua. Siku moja alimwambia, "Somo, naondoka kwenda kutazama nchi nyingine. Nishikie pangu."

"Nenda salama, somo," Nanyanje akasema. "Ukirudi nitaitikia."

Bahari akaondoka, nyuma yake likabaki bonde la tope jeusi lenye kunona. Kwa muda mrefu hakuna aliyeligusa. Watoto wakiteremka kucheza huko, Nanyanje aliwaita warudi, akiwaambia pale pana mwenyewe.

Alikuwa na binti mmoja tu, Chiku. Chiku aliolewa kilimani, kwenye udongo uliochoka, na kila mavuno yalikuwa madogo kuliko yaliyotangulia. Akaja kwa mama yake na mtoto mgongoni, mwingine akimshika nguo. "Mama, nipe kipande kidogo pale chini. Mwenyewe akirudi nitatoka." Nanyanje alisita. Kisha akawatazama wale wajukuu, mikono yao myembamba, akasema haya, lima.

Tope lile lilizaa mtama ambao watu hawakuwa wameuona. Masuke yalilala kwa uzito. Baada ya Chiku wakateremka majirani, na baada ya majirani wakateremka wote waliobaki. Wakajenga. Nanyanje mwenyewe akala mtama wa pale, akaletewa pombe ya pale, na siku moja akajisikia akisema "shambani kwa Chiku", mahali ambapo siku zote alipaita kwa Bahari. Alisikia haya kidogo moyoni, akaendelea kupepeta.

Halafu Bahari akarudi.

Hakuja kwa kishindo. Alikuja kama mtu mwenye adabu zake, mawingu kayabeba mgongoni kama watoto, akasimama mbali, mwisho wa mashamba, ambapo desturi ilimtaka asimame. Aliona nyumba na mtama ukikaribia kuvunwa, lakini hakusema kitu juu yake. Akamsubiri mwitikiaji wake. Nanyanje akatoka, na kijiji kizima kikajipanga nyuma yake. Chiku alikuwa karibu yake kabisa. Nyumba yake ilikuwa imekandikwa juzi, udongo haujakauka. Akanong'ona, "Mama, nitakwenda wapi?"

Bahari akauliza, "Hapa ni pa nani?"

Nanyanje akajibu, "Ni pa Chiku."

Bahari akasema, "Somo, labda upepo umechukua sauti yangu. Nauliza, hapa ni pa nani?"

Hapo ndipo angeweza kujirudi. Wote tungeweza, maana wazee wetu walikuwa pale, na midomo walikuwa nayo. Lakini Nanyanje alikuwa ameshasema mara moja, na ya pili ni nyepesi. "Nimekusikia," akasema. "Sisi hatukujui. Hatujawahi kukuona hapa." Na nyuma yake watu wakadakia, mmoja baada ya mwingine, hatujawahi, hatujawahi, hata waliolelewa kwa samaki wake.

Bahari akainamisha uso. "Basi nimepotea njia," akasema. "Niwieni radhi kwa kuwasumbua." Akageuka na mawingu yake mgongoni, akaenda zake.

Watu walirudi majumbani bila kutazamana. Hakuna aliyepiga ngoma. Nasikia wapo waliosonga ugali jioni ile wakaushindwa, wakawapa kuku.

Mvua ilikuwa mtoto wa Bahari, nayo iliondoka na mzazi wake. Bonde likakauka, likapasuka nyufa za kuingia mguu. Chumvi ikapanda juu, nyeupe, ikaunguza mizizi. Halafu likaja hili vumbi jekundu. Mtama wa Chiku ulikufa ukiwa na kimo cha goti. Akakusanya watoto na vyungu, akaondoka na mumewe kwenda nchi za ng'ambo ya kilima, na hakupita kumuaga mama yake. Hakuwa na hasira naye. Hakuweza tu kumtazama usoni mtu aliyesema uongo kwa ajili yake, tena uongo usiosaidia.

Nanyanje alibaki peke yake na aibu yake. Alipochota maji kwenye kisima kilichobaki, alingoja wenzake waondoke kwanza. Mwishowe hakuweza kuendelea hivyo. Akafunga mlango akamfuata Bahari, akashuka nchi baada ya nchi, mpaka akamkuta mbali sana upande wa mawio. Akasimama kule mgeni anakosimama, uso chini.

"Somo," akaita. "Pale ni pako. Nilijua."

"Nami nilijua kwamba unajua," Bahari akasema.

"Sasa kwa nini uliomba radhi?"

"Nilikuonea haya. Ningesema unadanganya, ungeaibika mbele ya mtoto wako."

Nanyanje akakaa chini palepale mchangani. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kuchukuliwa na maji, na hilo angelibeba. Hili hakuweza kulibeba. Alilia mpaka akanyamaza mwenyewe, kisha akasema, "Rudi, somo. Safari hii nitaitikia sawasawa."

"Nitarudi," Bahari akasema, "na nitaondoka tena, na nitarudi tena. Ndivyo nilivyo. Lakini wewe sitakuuliza. Sina kinyongo nawe. Una mtoto, na mwenye mtoto akibanwa atasema lolote. Nitamtafuta asiye na mtoto wala mkwe."

Akaja hapa Nandenga akaliendea jiwe. Jiwe likasema, "Mimi sina mdomo wa kuitikia."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," Bahari akaliambia. "Wewe meza tu. Nikikuuliza, ulichomeza ndicho kitakachojibu."

Basi jiwe likameza. Bahari alipokuwapo, lilimeza tope lake jeusi pamoja na chaza na miiba ya samaki. Alipoondoka polepole na jua likamkausha nyuma, lilimeza chumvi yake nyeupe. Alipokuwa mbali na mvua imekwenda naye, lilimeza vumbi jekundu. Aliporudi, likameza tope tena, juu ya vumbi. Halikuruka msimu, wala halikuchagua linalopendeza. Vumbi la miaka ile ya aibu yetu limo pia, nanyi mnalikata kila siku, ule mstari mwekundu mpana unaowachafua mikono.

Na tangu siku hiyo mawe yana mistari, na chaza hukutwa mlimani ambako hakuna hata kidimbwi. Tangu siku hiyo pia sisi tunazungushia ua, kwa sababu hakuna tena anayemwachia jirani neno. Siku hizi huja wageni kutoka mbali wanaotaka kujua bahari ilifika wapi zamani, na mvua ilikatika lini, na ukame ulikaa kwa muda gani. Hutukuta tumekaa hapa, watu wazima, wenyeji wa tangu enzi. Hutuamkia kwa heshima, hawana baya. Nasi tunangoja, labda leo tutaulizwa. Wanachotuuliza ni njia ya kushukia korongoni. Tukishawaonyesha hushukuru, wakatupita, wakaenda kuuliza mawe.