Mwanga wa Kazi Moja

Hapo zamani, na msinikodolee macho, maana ni zamani ya juzi tu, umeme ulikwishafika Masasi, walikuwapo mafundi watatu waliokodi pamoja ghala lililokuwa la korosho. Mzee Nandonde alichonga milango. Bi Somoe alishona mapazia. Mshamu alitengeneza kila kilichoharibika. Na kila mmoja alikuwa na kitu alichokitamani mpaka kinamuuma.

Nandonde alikuwa amepooza mkono wa kulia. Miaka minne alichora kwa mkono wa kushoto mlango mmoja tu, akaufuta, akauchora tena, asiweze kuuchonga. Somoe alibaki na karatasi moja ya nakshi za marehemu mama yake, aliyekuwa akikata mapazia kwa wembe. Kila Somoe alipojaribu, kitambaa kilichanika, naye akalia kama aliyefiwa jana. Mshamu alikuwa amefanya kazi miaka ishirini kwenye karakana za watu. Alitamani kibao cha mbao chenye jina lake. Chekeni, lakini yeye hakuwa anacheka.

Wakasikia habari za leza, mashine inayokata mbao na kitambaa kwa mwanga, ikifuata mchoro ulioipa. Walizozimudu zilikuwa mbili. Kulikuwa na ndogo mpya, meza yake kama sinia la pilau: kibao kingeenea, pazia lingekatwa kipande kipande, ila ubao wa mlango usingeingia. Na kulikuwa na kubwa kuukuu, ambayo ingemeza vyote vitatu.

Nandonde akasema, "Nunueni hiyo ndogo. Mimi nitawatazama."

Kisha akageukia ukutani. Wenzake wakautazama ule mgongo, wakashindwa. Wakachagua kubwa.

Nandonde akauza mashine yake ya kukerezea mbao, iliyomlisha tangu ujana, na hiyo ndiyo iliyotimiza bei. Somoe akaenda Dar es Salaam, akazunguka siku nne juani, akaipata. Muuzaji alimwambia wazi kwamba mrija unaotoa mwanga umechoka. Somoe akanyamaza. Alijua akisema watarudi kutamani tu, na alikuwa amechoka kutamani.

Mashine ikafika, haiwaki. Mshamu akaifungua, akaifunga, akaifungua, akaifunga, miezi mitatu, mpaka ikawaka. Ilipowaka akaijaribu. Alikata herufi ya kwanza ya jina lake kwenye maboksi, mara moja, mara kumi, mara thelathini. Alishindwa kujizuia.

Ndipo mwanga ukaanza kufifia. Mshamu akaupima, akawaita wenzake, akawaambia imebaki kazi moja tu, halafu basi. Mrija mpya bei yake ilikaribia ya mashine nzima, nao hawakuwa na kitu kingine cha kuuza. Somoe naye akakiri alichokificha.

"Lakini nisingenyamaza," akasema, "tusingekuwa hata na hiyo kazi moja. Mama yangu hakuacha picha. Aliacha nakshi. Nataka kuziona zikining'inia dirishani, basi."

Mshamu akasema, "Dada Somoe, ulileta chuma kilichokufa. Mwanga huu nimeuwasha mimi. Nataka siku moja mtu aulize fundi ni nani, nimwonyeshe kwa kidole."

Nandonde akasema, "Nimeuza kilichonilisha. Ninyi mikono mnayo, mnaweza kungoja. Mimi nikingoja, mkono huu haurudi."

Somoe akamwambia kwa upole kwamba ile ndogo ingewakatia miaka mingi.

"Nilisema mnunue ndogo," mzee akajibu.

"Ulisema, mzee. Ukageukia ukutani."

Mzee akauleta ubao wake, akauweka juu ya meza ya mashine. Somoe akaweka kitambaa. Mshamu akaweka kibao. Mashine imewashwa, inanguruma. Hakuna aliyeondoa chake, na hakuna aliyethubutu kuondoa cha mwenzake.

Mimi nawaachia hapo hapo, wakiwa wamesimama. Msiniangalie mimi, nimelifikiria jambo hili mpaka nimekonda. Je, mwanga ule ulikuwa haki ya nani? Na ukishamtaja, ni nani kati yenu atakayekwenda kuwaambia wale wawili?