Madumu Mawili ya Mjomba Kaniki

"Mafuta ni mafuta, alisema asiyepanda mlima." Ndivyo nilivyomwambia Babu Shemweta leo asubuhi, aliposema mbegu ni mbegu, tuiache ile pakiti ya dukani, tupande tu hizi za gunia. Mkamwona anachukua kofia yake na kuondoka bila kuaga, na sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Imetoka kwenye harusi yangu, wajukuu zangu, na hata leo nikiikumbuka nachoka kabisa.

Ndoa ilikuwa ifungwe Lushoto saa nane mchana, nami nichukuliwe nyumbani kwetu Korogwe. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Nambua, aliishi huko huko Lushoto, juu milimani. Mgongo wake ulikuwa mbovu, hawezi kukaa kitako zaidi ya saa moja, lakini aliapa lazima anione nikivishwa pete. Wangembeba kwa kiti mpaka kanisani. Kwa ajili yake tulipanga kila kitu kwa dakika, na kwa ajili yake mjomba wangu Kaniki akatuazima gari lake la mbio, jekundu, lenye turbo.

Gari lilikuja kutoka Tanga na dereva wake, Mbelwa, tangi likiwa karibu tupu, na madumu mawili ya petroli kwenye buti. Ndani ya kifuniko cha tangi palikuwa na kibandiko: oktani tisini na nane, isipungue. Mbelwa alimwonyesha kila aliyekuwa na macho. Injini hii, alisema, inayakandamiza mafuta kwa nguvu nyingi. Ukiipa ya kawaida, yenye oktani ya chini, yanalipuka kabla ya wakati wake na kupiga pistoni. Siku zile huku kwetu mafuta hayo hayakupatikana, ndiyo maana mjomba akatupa na madumu.

Mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuwa Shemweta, kaka yake bwana harusi. Mbelwa alipokuwa akinywa chai, mwenyekiti wetu aliyatoa madumu yale akayagawa sawa kwa sawa kwa magari yote sita ya msafara, hata pikapu ya wapiga tarumbeta! Halafu gari jekundu akalijaza kwenye pampu ya kawaida.

Mbelwa aliporudi alishika kichwa. "Mwenyekiti, yale yalikuwa ya gari hili!"

"Kamati haina mtoto wa kambo," Shemweta akasema. "Kila gari lipate. Mafuta ni mafuta."

"Basi soma kifuniko, mwenyekiti. Nakuomba."

"Nimekuja kuchukua bibi harusi, sikuja kusoma vifuniko."

Mpaka Mombo tulikwenda vizuri, maana barabara ni tambarare. Shemweta, aliyekaa mbele, akanigeukia. "Unaona, shemeji?" Kisha mlima ukaanza.

Kona ya tatu injini ikaanza kugonga kama kopo la misumari linalotikiswa. Mbelwa akapunguza mwendo.

"Nikikanyaga naiua," akasema.

"Saa saba imepita! Kanyaga!"

Akakanyaga. Kona mbili mbele kitu kikapasuka, moshi ukatoka, tukasimama.

Hata hapo tungeweza kuwahi kwa pikapu ya tarumbeta. Lakini Shemweta alikataa: bibi harusi hapandi pikapu, tungoje injini ipoe. Pistoni imetoboka, yeye anangoja ipoe! Zaidi ya saa nzima alifungua boneti na kuifunga, mimi nikimfikiria Bibi kwenye kile kiti. Mwisho nilivua viatu, nikakunja gauni, nikapanda mwenyewe katikati ya tarumbeta na ngoma.

Tulifika saa tisa na nusu, maharusi wengine wakifungishwa ndoa. Mchungaji alitoka baadaye akauliza kwa ukali tulikuwa wapi. Nilijibu mimi: "Mchungaji, mafuta ni mafuta, alisema asiyepanda mlima."

Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu kiti cha Bibi hakikuwepo. Alikuwa amevumilia saa moja na robo, maumivu yakamzidi, wakamrudisha nyumbani.

Tulifungishwa ndoa saa kumi na moja. Nilikwenda kwake moja kwa moja na gauni langu lenye vumbi. Alikuwa amelala chali. Aliupapasa mkono wangu mpaka akaipata pete.

"Nimeishika," akasema. "Kuiona ikivishwa, sikuiona."

Shemweta alikuwa amesimama mlangoni, akayasikia maneno hayo. Ndiyo maana leo amechukua kofia yake.

Sasa hizo mbegu za gunia ziacheni. Nileteeni ile pakiti, mnisomee imeandikwa nini, kila neno. Mafuta ni mafuta, alisema asiyepanda mlima.