Maji Machafu ya Seli za Kabula

Sogeeni, na kila mtu aje na hoja yake, maana hadithi hii haitaki waitikiaji tu.

Katika maabara moja ya chuo walikuwamo watu watatu. Kabula alijua kuzifundisha seli kazi mpya. Terewaeli alijua kunasa vitu vidogo mno, ambavyo vumbi mbele yavyo ni mlima. Bi Mashavu, mhudumu, alijua kulisha seli. Miaka kumi na tisa hazijamfia.

Kabula alibadilisha vinasaba vya seli zake ili zitengeneze dawa ya mishipa ya fahamu. Miezi kumi na minne alizipasua, akachungulia ndani: hamna kitu. Na asipochapisha makala yenye jina lake mbele muhula huu, nafasi yake ya uzamivu inafutwa.

Kila siku ya pili Bi Mashavu alizibadilishia seli majimaji ya kuzilisha. Yaliyotumika humwagwa, ndiyo desturi. Lakini yeye hakumwaga mpaka mwenye seli atie sahihi, na Kabula alikuwa na wiki tatu hajatia.

"Bi Mashavu! Friji nzima maji machafu?" Kabula akang'aka.

"Saini basi, mwanangu. Mimi simwagi cha mtu kienyeji."

Terewaeli akacheka. "Dada, usisaini. Nipe huo uchafu."

Akayazungusha mashineni kutwa nzima, akachuja, akazungusha tena, mpaka chini ya mrija ikabaki alama kama pumzi kwenye kioo. Eksosomu! Vifuko ambavyo seli huvitoa nje, kama barua kwa seli nyingine. Dawa ilikuwa humo. Kabula alikuwa akiisaka nyumbani, nayo imeshasafiri.

Wakazidondoshea dawa hiyo seli za fahamu zilizokatika. Siku ya tatu Kabula akainamia hadubini. Nyuzi zilikuwa zikinyooka, zikipapasa, kama vidole vya mtoto mchanga. Mbili zikagusana.

Bi Mashavu naye akachungulia, akafuta miwani, akarudia. "Mungu wangu. Hii ndiyo kazi ya zile nilizokuwa nazilisha?"

Kisha profesa, mkuu wa maabara, akaleta fomu ya makala. "Jina la kwanza ni moja. Na huyu mama tutamshukuru mwishoni, kwa herufi ndogo."

"Kwa nini mwishoni?" Kabula akawaka.

"Alikuwa anafanya kazi yake tu."

"Na sisi tulikuwa tunafanya ya nani?"

"Bila mimi mngeyamwaga," Terewaeli akasema.

"Bila mimi ungechuja vifuko vitupu!" Kabula akamrudishia.

"Mimi naitwa Mashavu binti Athumani," mama akasema taratibu, "kama kuna atakayeuliza."

Profesa akamsukumia Kabula fomu. "Seli zako. Jaza."

Kabula akashika kalamu. Alilitaka jina lake pale juu mpaka akajionea haya.

Haya, mlionyamaza: ingekuwa mkono wako, ungeandika nani kwanza? Na usiniambie "wote". Mstari ni mmoja.